Mkia Ukitaka Kutangulia

Kwetu hakuna theluji, msomaji mwenzangu, na wala usidanganywe na baridi ya kipupwe. Juni na Julai upepo wa Singida unakata masikio, vumbi linaingia hadi kwenye kopo la chumvi, na wazee wanakaa na blanketi mabegani mpaka jua lipande. Lakini barabara inakuwa kavu kama ugali wa jana. Baridi yetu haiangushi gari. Kinachoangusha gari kwetu ni mvua, ile inayoanza Novemba au Desemba na kuondoka Aprili. Kwa hesabu ya mwaka mzima si nyingi, milimita 600 hadi 800 hivi, ila zinamwagwa zote kwa mkupuo, na sehemu kubwa ya barabara zetu za vijijini hupita kwenye mbuga. Udongo wa mbuga ni mweusi, mfinyanzi mtupu. Ukikauka unapasuka mipasuko ya kumeza mguu wa mbuzi. Ukilowa unavimba, unanata, halafu unateleza, vyote kwa pamoja. Wenzetu wa Ulaya ya kaskazini wanaogopa majira ya baridi. Sisi tunaogopa Januari.

Ndani ya Januari hiyo mimi nilikuwa naendesha Altezza.

Naam, cheka kwanza, halafu tuendelee. Vijana wa mjini mnaijua: Toyota Altezza, iliyotengenezwa kati ya 1998 na 2005, taa za nyuma za duara ndani ya kioo cheupe, na dashibodi yenye saa ndogo ndani ya saa kubwa kama saa ya mkono ya tajiri. Injini iko mbele, nguvu inapita chini kwa chini kwenye propela, inafika kwenye difu na kusukuma tairi za nyuma. Pale Dar es Salaam gari hiyo ni ya mtu anayetaka asikike kabla hajaonekana. Kule kwetu Iramba, kilometa 31 kutoka kwenye lami, ni kichekesho. Siku ya kwanza nilipopita nayo kijiweni mchizi mmoja alipiga kelele: "Oya, ndege imekosa uwanja!"

Gari lilikuwa la kaka yangu mkubwa. Alilinunua mwaka 2018, mtumba kutoka Japani, akiwa na kazi nzuri. Mwaka 2021 maradhi yakamchukua. Tulipokwisha kuanua matanga, vitu vyake vikaletwa nyumbani: godoro, redio, sanduku la nguo, na gari. Nguo ziligawiwa kama desturi inavyotaka. Gari halikugawika. Likafunikwa turubai chini ya mwarobaini, kuku wakalifanya kiota, na mama akawa kila Jumapili analifuta vumbi kwa kanga ya zamani, pole pole, kama anayemwosha mtoto.

Novemba 2023 mdogo wetu wa kike alipata nafasi ya kusomea uuguzi. Ada ikawa mlima. Baba mdogo, ambaye ndiye anayetusimamia tangu baba alipofariki, akaita kikao. Hakuwa na maneno mengi.

"Shemeji," alimwambia mama, "gari hii ni ya anasa. Mbugani haiendi. Inakaa hapa inaoza. Iuzwe, mtoto asome."

Naye alikuwa na haki, tusimwonee. Mama alikaa kimya kwa muda, akichora chora chini kwa kidole cha mguu. Mama yangu anakamua mafuta ya alizeti na kuyauza mjini Singida, na kila masika biashara hiyo hufa kwa sababu magari ya kukodi hupandisha bei au hukataa kabisa kuingia kwetu. Mwishowe akasema: "Nipe masika moja, shemeji. Mwanangu ataendesha. Gari lipeleke mafuta mjini kila wiki. Likishindwa, lete mnunuzi."

"Likilala njiani wiki moja tu," akasema baba mdogo, "naleta."

Basi hapo ndipo mimi, kijana mwenye cheti cha chuo na asiye na ajira, nilipokabidhiwa funguo za marehemu, ada ya dada na heshima ya mama, vyote kwenye mkufu mmoja.

Nilikwenda kwa fundi mjini. Ni mzee wa makamo, suruali yake imekula grisi kuliko bearingi. Nikamwamkia, "Shikamoo fundi," akaitikia akiwa bado yuko chini ya Fuso. Alipotoka akaizunguka Altezza mara mbili, akatikisa kichwa, kisha akasema jambo ambalo lilinifungua macho: "Wanakucheka kwa sababu inasukuma kwa nyuma? Hii Fuso inasukuma kwa nini? Hiace inayowabeba hao wanaokucheka inasukuma kwa nini? Zote nyuma! Tofauti, kijana, ni mzigo. Fuso ina tani zimekaa juu ya tairi zinazosukuma. Wewe juu ya tairi zako una nini? Una hewa."

Siyo siri, maneno hayo yalinikaa rohoni kuliko mhadhara wowote niliowahi kuusikiliza chuoni. Una hewa.

Akaondoa zile springi fupi alizoziweka kaka, akarudisha za juu. Akavua tairi pana zilizobaki vipara, akaweka nyembamba zenye kashata nzito, maana tairi nyembamba hukata tope na kutafuta chini, ilhali pana huelea juu yake kama mtumbwi. Kisha akaniambia nipange madumu ya mafuta ndani ya buti, yasogee karibu na kiti cha nyuma, yafungwe kamba yasicheze. Dumu la lita 20 la mafuta ya alizeti lina uzito wa kilo 18 na ushei. Madumu sita, kilo 110. "Usizidishe," alionya. "Ukijaza sana nyuma, pua inanyanyuka na usukani unakuwa mwepesi. Hapo utageuza, gari litakwenda moja kwa moja kama mbuzi aliyekataa kamba."

Usiku nikawa nasoma. Kwenye simu ya mkopo nilitafuta habari za watu waliowahi kuendesha magari kama langu kwenye tope kama letu, na nikagundua kwamba walikuwa jirani zetu kabisa. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Yaliwekwa kwenye sikukuu ya Pasaka, wakati wa mvua za masika. Mwaka 1963 na tena 1968 mvua ilipiga hivi kwamba magari saba tu ndiyo yaliyofika mwisho, na mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki na Peugeot 404. Mwaka 1966 na 1967 alishinda Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, naye kwa 404. Joginder Singh wa Kenya alishinda 1965 kwa Volvo kuukuu lililokwisha kutumika. Yote hayo yalisukumwa na tairi za nyuma.

Kisha nikakutana na picha iliyonifanya nikae kitako kitandani. Datsun 240Z, gari la spoti hasa, pua ndefu, mgongo mfupi, milango miwili, limepakwa tope mpaka kwenye kioo. Lilishinda Safari mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann, na 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, ambaye baadaye alishinda mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Kumbe gari la spoti kwenye tope la Afrika Mashariki si mzaha wa kijiweni kwetu. Ni historia yetu. Kwa karibu miaka 20 wageni walikuja na kushindwa, mpaka 1972 alipotokea Hannu Mikkola wa Ufini na Ford Escort, nalo la kusukuma kwa nyuma. Niliona mantiki yake. Mtu aliyekulia kwenye theluji amekwisha kufundishwa kuteleza tangu utotoni. Theluji na tope ni mtu na binamu yake.

Nikawaonyesha wenzangu kijiweni ile picha. Yule mchizi wa ndege akaitazama sana, akasema, "Hii ni ya mzungu mwenye fedha ya spea." Mwenzake akadakia, "Joginder ni mzungu wapi?" Wakaanza kubishana wao kwa wao, nami nikaondoka.

Sasa nikueleze, ewe ambaye utarithi gari la namna hii, mambo ambayo mikono yangu ilijifunza. Gari la kuvuta kwa mbele, kama Vitz au IST, huvuta na kukata kona kwa tairi zile zile. Likiteleza, pua ndiyo hutangulia kutoka nje ya kona. Letu limegawana kazi: za mbele zinaongoza, za nyuma zinasukuma. Raha yake ni hiyo, na balaa lake ni hilo hilo. Ukikanyaga mafuta kwa pupa, za nyuma zinapoteza ardhi, mkia unatoka pembeni na unataka kutangulia. Hapo usiguse breki. Punguza mafuta taratibu, na geuza usukani kule kule mkia unakokwenda: ukienda kulia, nawe kulia. Macho yabaki unakotaka kufika, usiangalie mtaro, maana mikono hufuata macho. Mkia ukianza kurudi, rudisha usukani mapema, la sivyo utakupiga upande wa pili kwa hasira zaidi.

Kuondoka kwenye tope, tumia gia ya pili, siyo ya kwanza. Klachi iachie kama unamlaza mtoto. Ukinasa, utaona tairi moja inazunguka bure na nyingine imetulia tuli kama mgeni. Ndivyo difu ya kawaida ilivyo, inapeleka nguvu kule kwenye urahisi. Vuta handibreki kidogo tu, meno mawili matatu. Ile tairi inayocheza itabanwa, na ile iliyolala italazimika kufanya kazi. Nilipomweleza mama alicheka, akasema mbona hata watu wako hivyo.

Masika yale hayakuwa ya kawaida. Tarehe 3 Desemba 2023 tope lilishuka kutoka Mlima Hanang', hapo kwa majirani zetu wa Manyara, likaifunika Katesh, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Redio ilisema tope, tope, tope, siku nzima. Mama akaizima. Jioni ile alikuja pale nilipokuwa nafunga madumu, akasimama bila kusema. Kisha akauliza, "Kesho lazima?" Nikamwambia mama, ukisema tusiende hatuendi. Akaitazama ile gari. Mtoto wake mmoja aliondoka, na mwingine anajiandaa kuingia mbugani na gari la aliyeondoka. Naamini lolote ambalo angelichagua lingekuwa sahihi. Akasema, "Nitakwenda na wewe."

Tangu siku hiyo alikaa kiti cha nyuma kila safari. Alidai kiti cha mbele kinamtia kizunguzungu. Mimi nilikuwa najua: fundi alishamwambia habari ya uzito.

Wiki ya pili ya Januari mbuga ilitushika. Mvua ilinyesha usiku kucha, na tope lilijaza kashata za tairi zikawa laini kama tikiti. Mkia ukazama mpaka kwenye bampa. Nilijaribu handibreki, nikajaribu matawi, nikajaribu magunia chini ya tairi. Gari likalia tu na kunitupia tope usoni. Saa nne asubuhi ikawa saa sita. Mteja mjini alikuwa anapiga simu. Nikamwona mama amevua viatu, ameingia tope hadi magotini, anatembea kuelekea shamba la jirani bila kuaga. Alirudi na kijana mmoja na maksai wanne, jozi mbili za kulimia. Minyororo ikafungwa, mijeledi ikapigwa hewani, maksai wakainamisha vichwa, na gari lililotengenezwa kushindana kwenye lami za Japani likatoka mbugani kwa mwendo wa jembe. Nikauliza deni. Kijana akasema, "Mafuta ya kupikia, chupa mbili." Tulifika Singida saa kumi, mwamba na ziwa Singidani vyote vikiwa vyeupe kwa mvua. Madumu yote sita yakashushwa. Jioni baba mdogo alipiga simu kuuliza kama tumelala njiani. Mama akajibu, "Hatujalala. Tulipumzika."

Kuna siku nyingine siwezi kuinyima nafasi yake. Kwenye kilima kimoja cha udongo mwekundu tulikuta Vitz ya mwalimu inapanda na kushuka, inapanda na kushuka. Kwenye mlima uzito wa gari hurudi nyuma. Tairi za mbele hubaki nyepesi, na gari la kuvuta kwa mbele hukosa pa kushika. Letu, likiwa na madumu sita na mama, lilikuwa limekaliwa pale pale panapotakiwa. Gia ya pili, mguu mwepesi, likapanda likinong'ona. Nikamshauri mwalimu ageuze apande kinyumenyume, ili tairi zinazovuta ziwe upande wa chini. Akapanda. Wanafunzi wake waliokuwa wanasukuma walishangilia, na sikujua kama wanamshangilia yeye au sisi.

Lakini mtihani hasa ulikuwa Sekenke. Mwezi wa Machi mteja mmoja wa Shelui aliagiza madumu kumi, na fedha yake ndiyo ingekamilisha ada ya muhula wa pili. Ukitoka Misigiri kwenda Nzega, nyanda za juu za Iramba zinakatika ghafla na barabara inashuka kwa kona hadi bonde la Wembere. Huko ndiko ilikotoka dhahabu iliyofuliwa sarafu za rupia 15 pale Tabora mwaka 1916, Wajerumani walipozingirwa na vita. Siku hizi ni lami, na usidhani lami ni salama: manyunyu yanapoanza tu, mafuta ya malori na vumbi la siku nyingi hupanda juu na barabara inakuwa sabuni. Mbele yetu lori la kwenda Rwanda, nyuma yetu lori jingine linapuliza breki.

Na hapa kuna siri ya mkia ambayo wengi hawaisemi. Ukiteremka na gari la kusukuma kwa nyuma, injini inazuia tairi za nyuma peke yake. Ukishusha gia kwa ghafla katikati ya kona, ni sawa na kuvuta handibreki: za nyuma zinagoma, mkia unatangulia, na bonde linakusubiri. Gia ya kuteremkia huchaguliwa juu, kabla ya mlima kuanza, wakati bado una nafasi ya kuchagua. Niliingiza ya pili pale juu, gari likanguruma, nikaliacha lijishikilie lenyewe. Kwenye kona ya tatu nikahisi mkia unaelea, kitu kidogo sana, kama mtu anayegeuka usingizini. Usukani nao ukaelea kidogo kuufuata, mkia ukarudi. Kwenye kioo nilimwona mama amefumba macho, midomo yake inacheza. Alikuwa anasema na mtu, na sikudhani ni Mungu peke yake.

Tulipofika Shelui akafungua macho, akaniambia, "Mwenzio alikuwa anakwenda mbio. Wewe unakwenda." Hakuongeza neno, na mimi sikuuliza.

Ada ililipwa, muhula wa kwanza na wa pili. Aprili mvua zikaondoka, mbuga ikaanza kupasuka tena. Baba mdogo akaja nyumbani siku moja asubuhi, amevaa koti lake la vikao, nami nikajua saa ya mnunuzi imefika. Akakagua madaftari ya mama ya mauzo, ukurasa kwa ukurasa, akilowesha kidole. Mama akamwambia wazi kwamba sasa ana akiba ya kuanzia. Akifika mwaka kesho anataka pikapu, na Altezza akiipatia mtu wa kuipenda, ataiuza. "Nilikuwa sitaki iondoke bila kufanya kazi," alisema. "Kijana wangu hakuwa mtu wa anasa."

Baba mdogo akafunga daftari. Akainuka, akatoka nje, akaizunguka Altezza kama alivyoizunguka fundi. Ilikuwa siku ya kupeleka mafuta, na siku ile mama alikuwa na homa, asingeweza kusafiri. Nikamfungulia mlango wa mbele kwa heshima ya ukubwa wake.

"Hapana, baba," akasema, akaupita mlango ule, akafungua wa nyuma na kujikunja humo ndani na koti lake, magoti yakigusa kiti. "Nimeambiwa mzigo unakaa huku. Twende."